Mpangaji wa Siku Nane

Hongera, fundi wa mtandao wa mgahawa! DHCP umeiwasha, kila simu inagawiwa anwani ya IP bila kukusumbua. Mteja anaingia, anakunywa chai moja, anaondoka. Anwani yake inabaki imeshikiliwa siku 8, muda ambao seva ya Windows huja nao na wewe hukuugusa. Na anwani zenyewe umetenga 50 tu. Ikifika saa sita mchana zimekwisha, laptopu za waliochelewa zinajipachika 169.254, anwani isiyowatoa hata nje ya mlango. Nawe bila haya: "Leo kampuni ya intaneti inatusumbua." Kampuni gani, bwana? Weka muda wa kushikilia anwani uwe saa moja. Hata kiti cha plastiki hapo hakikaliwi wiki nzima kwa kikombe kimoja.