Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Rasilimali Watu wa Benki Isiyotajwa

Ndugu Mkuu,

YAH: SHUKRANI KWA KUMPIKA MTAALAMU WA FEDHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, shahada ya benki na fedha, amemaliza mafunzo kwa vitendo katika tawi lenu moja hapa Dar es Salaam. Amerudi chuoni akiwa kaiva. Anajua kwamba trei ya pili ya mashine ya fotokopi hukwama karatasi zikiingia unyevu. Anajua nani katika idara ya mikopo hunywa supu na chapati mbili, na nani hurudisha chapati ikiwa imepoa. Hayo hakuna mhadhiri anayeyafundisha.

Darasani alikuwa amejazwa mambo madogo madogo tu. Kwa mfano, kwamba Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuongoza sera yake kwa riba badala ya kufuatilia wingi wa fedha, ikaanza na asilimia 5.5, na Aprili ikapanda hadi 6. Akauliza, kwa adabu zote, kupanda huko kunagusaje riba anayotozwa mkopaji wa tawini. Akakabidhiwa mafaili ya kubandika namba. Baadaye akathubutu kuulizia IFRS 9, kanuni ya uhasibu iliyoanza kutumika 2018, inayozitaka benki zitenge fedha za hasara inayotarajiwa hata kabla mkopaji hajachelewesha rejesho. Akaambiwa hayo ni ya makao makuu, na kama ameiona stepla ailete.

Wenzenu wa mbali wana balaa la aina nyingine. Mwaka 2015 Goldman Sachs ililazimika kuwaagiza wanafunzi wake wa mafunzo waondoke ofisini kabla ya saa sita usiku na wasirudi kabla ya saa moja asubuhi. Kwenu agizo kama hilo halina kazi: kufikia saa nane mchana binti alikuwa ameshamaliza kuhesabu vigae vya dari.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ninyi ni watu wa hesabu. Posho hamkutoa, nauli hamkutoa. Alijikimu kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo hukopesha pia kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo. Siku akiajiriwa, atakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe. Yaani amekopa ili aje awapigie fotokopi, na deni atalilipa yeye. Katika idara yenu nzima ya mikopo, mkopo pekee aliouelewa vizuri ni wake mwenyewe.

Daftari lake la kumbukumbu nalo lastahili pongezi. Msimamizi alilisaini lote kwa mkupuo, pamoja na wiki ambazo zilikuwa hazijafika. Penye kazi zilizofanyika pameandikwa "uchambuzi wa mikopo". Si uongo: aliyebeba mafaili ya mikopo kutoka ghorofa ya kwanza hadi ya tatu anaujua uzito wake.

Haki isemwe, kuna jioni moja alijifunza kitu. Keshia wa dirisha la mwisho alimwita wakati wa kufunga hesabu. Akamwonyesha namna ya kufunga noti mia za elfu kumi kumi kuwa kibunda cha milioni moja, kisha kulinganisha fedha za droo na zilizomo kwenye mfumo. Zilipungua elfu ishirini. Hakuna aliyeondoka. Vocha zikapitiwa moja moja hadi ikaonekana malipo ya 45,000 yaliingizwa kama 25,000. Keshia huyo hana cheo cha msimamizi wala hakuombwa na mtu.

Tangazo lenu la kazi linadai uzoefu wa miaka miwili. Basi kundi lijalo likalishwe kwa keshia huyo, na siku kamati ya mikopo ya tawi inapokaa, mwanafunzi apewe kiti cha nyuma na faili moja lililofutwa jina la mteja, aseme angekopesha au angekataa, na kwa nini.

Mwisho, fomu ya tathmini ya binti ingali mezani kwa msimamizi, chini ya kikombe. Chuo kinaihitaji Ijumaa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteja wenu, mwenye akaunti ya akiba