Maharage ya Bibi Lushoto

Msomaji mwenzangu, kama unaishi Dodoma na una mkwe wa kutoka milimani, sogea karibu tupeane pole.

Mwezi wa Agosti mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Lushoto. Watoto wanamwita Bibi Lushoto, nasi wakubwa tumefuata, ila si mbele yake. Alishuka na kiroba cha maharage ya njano aliyoyavuna mwenyewe, akatangaza kwamba Jumamosi atatupikia.

Jioni ile aliingia bafuni, akakaa humo hadi tukaanza kuulizana kama yu mzima. Kumbe anasaka povu. Kule kwake sabuni ya mche ukiigusisha maji ya mto, ndoo inajaa povu. Hapa aliisugua ikapungua nusu, akaambulia utando wa kijivu uliomganda mikononi.

“Baba, sabuni yenu hii ni feki.”

“Hapana mama, sabuni haina tatizo. Maji yetu ndiyo magumu.”

“Maji magumu ndiyo yapi tena? Si maji tu?”

Hapo Maabara akapata nafasi. Huyu ni shemeji yangu, kitindamimba wa Bibi Lushoto, anayesoma kemia Chuo Kikuu cha Dodoma, kile kilichoanza 2007 kule Chimwaga. Kila Ijumaa anatua kwetu na begi la nguo chafu na somo jipya. Alimweleza mama yake kwamba maji mengi ya bomba mjini hapa yanatoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Mvua inazama ardhini, inakaa humo kwenye udongo na miamba, inayeyusha kalsiamu na magnesi. Sabuni ikikutana na madini hayo inagandamana nayo badala ya kutoa povu.

“Kwa hiyo Mama, umeoga na mawe.”

“Ndiyo maana nawashwa,” akajibu, akaomba mafuta ya nazi.

Maji haya hayatuonei bafuni tu. Jagi letu la umeme ni la tatu tangu tuhamie. Ukilifunua, ndani limevaa chokaa nyeupe kama ganda la yai. Maji yakichemka, kalsiamu inajitenga na kuganda kwenye koili. Koili iliyovaa koti hilo inahangaika kupitisha moto, inakula umeme, na siku moja inaungua ukiwa na wageni sebuleni. Kamanda, kijana wangu wa miaka sita, anavibandua vipande vya chokaa, anavipanga dirishani na kuviita vigae vya nyumba yake. Mashati yake ya shule yalinunuliwa meupe. Sasa yana rangi ya jivu, na Mama Watoto ameacha kuyagombeza.

Lakini nilikuwa kwenye maharage.

Jumamosi saa nne asubuhi sufuria ilipanda jikoni. Saa saba, ukitia punje mdomoni inagoma kama kokoto. Gesi ikaisha, tukahamia mkaa. Maabara akasema ni kalsiamu ileile, inakaza ngozi ya maharage. Dawa yake kila mwanamke wa nyumba yetu anaijua: magadi. Yanaiondoa kalsiamu kwenye maji na kulegeza ngozi.

Basi Mama Watoto akatia kijiko kimoja, akatoka kwenda soko la Majengo. Bibi Lushoto akatoka kuswali, akaonja, akatia cha kwake. Maabara naye akapita jikoni akaongeza alichokiita kipimo cha kitaalamu. Hakuna aliyemwambia mwenzake.

Saa tisa nilifunua sufuria ya alumini. Ilikuwa imepiga weusi kuta zote, maharage yamegeuka uji wa kahawia, na juu yake povu jeupe limejaa hadi ukingoni, likinuka kama nguo za kuloweka. Bibi Lushoto alichota, akaonja, akaweka mwiko chini taratibu.

“Baba, ile sabuni yenye povu nimeipata. Ilikuwa huku.”

Tulicheka hadi Kamanda akalia akidhani tunagombana. Tukala wali kwa mchuzi wa nyanya.

Kabla ya kupanda basi, bibi aliangalia paa letu, akaniuliza, “Kwani huku mvua hainyeshi?” Swali hilo lilinikaa. Novemba nikafunga gata na simtanki. Maji ya mvua hayajapita kwenye mawe, kwa hiyo ni laini. Desemba tulipika maharage yaliyobaki kwenye kiroba kwa maji hayo, bila magadi, na yaliiva kabla ya saa mbili kupita. Tukampigia simu bibi asikie watoto wanavyotafuna.

Mvua yetu inakatika kufikia Mei, na miezi inayobaki bomba linatawala tena. Hilo tumelikubali. Jagi tunalichemshia siki, tunalisuuza, tunaendelea na maisha.

Ila nakuomba, jirani yangu wa Dodoma: paa la mita 10 kwa 10, likipata mvua ya milimita 10 tu, linapokea lita 1,000 za maji laini. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi. Ya pili ikinge.