Namna ya Kumkamata Panzi wa Newala kwa Fizikia

Vifaa: viganja viwili, magoti yasiyoogopa vumbi, na subira. Daftari libaki mfukoni hadi hatua ya nne.

1. Damka. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na asubuhi ina ubaridi. Panzi hutegemea jua kumpasha misuli. Umande ukiwa haujakauka, panzi bado ni mzito. Ukingoja saa sita mchana, utamfukuza hadi Masasi.

2. Chagua uwanja. Masasi ina vilima vya mawe. Panzi akilikanyaga jiwe, halisogei, na nguvu yake haipotei. Mchanga tifutifu wa Newala hukimbia chini ya miguu na kula sehemu ya nguvu hiyo. Mvizie mchangani.

3. Tazama magoti ya nyuma. Akiyakunja kabisa, anavuta manati. Misuli hukaza polepole, nishati ikiwekwa akiba kwenye kano na sehemu zinazonepa gotini, kisha huachiwa kwa mkupuo.

4. Toa daftari. Momenta ni tungamo mara kasi. Impulsi ni kani mara muda wa kusukuma, nayo ndiyo hubadili momenta. Panzi wa gramu 2 akiondoka kwa mita 3 kwa sekunde, na miguu ikasukuma kwa sekunde 0.03, kani iliyomrusha ni wastani wa nyutoni 0.2: mara kumi ya uzito wake. Miguu mirefu humpa muda. Kiroboto, mwenye miguu mifupi, ana kama sekunde 0.001 tu, hivyo hulazimika kusukuma kwa zaidi ya mara mia ya uzito wake.

5. Mkono mmoja umtishe kwa nyuma, mwingine umpokee kwa mbele. Akishaiacha ardhi hawezi kukata kona mpaka afungue mbawa na kuisukuma hewa. Mdake kabla hajazifungua.

6. Mwite mtoto anayesoma, mwekee panzi kiganjani, kisha mwambie angoje. Shule iliyozungukwa na mihogo na mikorosho ina maabara kubwa mlangoni, na mtoto huyu anastahili kuonyeshwa. Panzi ataruka, na mtoto atahisi teke dogo kwenye ngozi. Kiasi cha momenta alichoondoka nacho panzi kwenda mbele, kiganja kimepokea hichohicho kurudi nyuma. Sasa mpe daftari aandike mwenyewe.