Nilikubali kwa Kichwa

Mto wa sufi wa shangazi yangu kule Tanga umelaliwa na watu ambao siku hizi wana wajukuu, na vumbi la wote hao bado limo. Niliulalia usiku wa kuamkia kikao cha harusi. Asubuhi macho mekundu, pua inachuruzika, chafya zinakuja tatu tatu.

Shangazi hakuuliza maswali. Kwetu piritoni hukaa kabatini pamoja na chumvi. Akatoa kibahasha kilichoandikwa "1x3" kwa kalamu ya bluu, mali ya mgonjwa mwingine wa maradhi mengine, akanitilia kiganjani kidonge cha njano. "Meza, baba, ukaketi na wenzio."

Heshima ya kidonge hicho ina asili yake. Sisi tuliotibiwa malaria kwa klorokwini, kabla Tanzania haijaiacha mwaka 2001, tunaukumbuka ule mwasho: unakuna nyayo, unakuna mgongo ukutani, na wenyewe uko ndani zaidi. Ndipo unapewa piritoni. Mwasho haukwishi, lakini angalau unalala nao. Tangu hapo kila kinachowasha au kuchuruzika tunakikabidhi kwake.

Na pua kweli inaiweza. Mwili ukilichukia vumbi humwaga histamini, nayo ndiyo inayochokoza pua na macho. Dawa huiziba njia. Balaa ni kwamba dawa hizi za kizazi cha kwanza hupenya hadi ubongoni, na huko histamini hiyohiyo ndiyo inayotuweka macho. Chafya na akili zinazimwa kwa swichi moja.

Kikao kilianza saa kumi jioni. Sikupiga chafya hata moja. Mara ya mwisho kusikia kitu, mjomba alikuwa anauliza nani atabeba gharama za maturubai na viti. Kichwa kikashuka kifuani, kikanyanyuka, kikashuka tena. Nikazinduliwa na vigelegele.

"Mjomba, nilikuwa nimesinzia."

"Umeitikia mara mbili," akasema, "na mhazini ameshaandika."

Kesho yake muuza duka la dawa, baada ya kumaliza kucheka, aliniuliza kama naendesha gari, jambo ambalo shangazi hakuwahi kumuuliza mtu. Akanipa setirizini, miligramu 10, moja kwa siku. Hii ni ya kizazi cha pili, ubongoni haiingii sana, ingawa wapo inaowasinzisha pia.

Mimi haikunisinzisha. Kikao cha pili nilikaa pua kavu, macho makavu, nikausikia mjadala wote wa sare za kina mama: zambarau iliyokolea au iliyofifia. Walipogeukia rangi ya vilemba nikamnong'oneza shangazi kama kile kibahasha bado anacho.

"Hakijabaki hata kimoja," akasema. "Wajomba zako wamegawana kabla hatujaanza."