Kiapo Kisichojua Kilipoapwa

Sheria ya Tanzania ya makamishna wa viapo, Sura ya 12, kifungu cha 8, inataka kiapo kitaje mahali na tarehe kilipoapwa. Mahali ni neno moja tu: Mwanza. Wapo mawakili waliolisahau, na maombi yao yakatupwa nje.

Gharama? Mara nyingi hubebeshwa mteja, tuseme mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni, aliyekwisha kuulipia usahaulifu huo kwa risiti. Mwenye kalamu bado anaitwa “wakili msomi”.

Mwaka 2018 Bunge lilitaka mahakama zitazame haki kuliko ufundi. Baadhi ya mawakili wakaigeuza kanuni hiyo ngao ya uzembe, hadi Mahakama ya Rufani ikawakumbusha kuwa matakwa ya lazima yako palepale.

Linganisha na New York: mwaka 2023, mawakili waliowasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT walitozwa dola 5,000. Wao, si mteja.