Kisiwa Chako, Maji Yangu

Migingo ni mwamba wa takriban nusu ekari katika Ziwa Victoria. Umefunikwa kwa mabati kutoka ukingo hadi ukingo, na chini ya mabati hayo kuna baa, vinyozi, duka la dawa na mamia ya wavuvi. Jirani yake, Usingo, ni kisiwa kikubwa zaidi na hakina watu. Hakuna serikali iliyowahi kukikosea usingizi.

Sababu ya Kenya na Uganda kuugombania Migingo ni mbuta, ambaye Waganda humwita empuuta na Watanzania sangara. Samaki huyo huondoka ziwani akiwa minofu ya kwenda Ulaya. Mwaka 2004 polisi wa Uganda walifika Migingo, wakapiga hema na kupandisha bendera. Kodi ikafuata, kama ilivyo desturi ya bendera.

Mpaka wenyewe wa nchi hizo mbili si fumbo. Waingereza, waliokuwa wakitawala pande zote mbili, waliuandika mwaka 1926, na ramani zinakiweka kisiwa upande wa Kenya, mita mia kadhaa tu kutoka kwenye mstari. Hata hivyo, mwaka 2009 wapimaji wa nchi zote mbili walitumwa kuutafuta upya.

Mwaka huohuo Rais Museveni wa Uganda alitoa ufafanuzi murua: kisiwa ni cha Kenya, ila maji ni ya Uganda. Kwa hesabu hiyo, Mkenya ana ruhusa kamili ya kuvua, mradi ndoano yake isiteremke kutoka kwenye jiwe.