Sifa za Insha ya Jiografia

Insha ya jiografia katika mtihani wa kidato cha sita nchini Tanzania haijapata msifu anayeistahili. Humkabidhi kijana, ambaye bado anaomba nauli nyumbani, mto mzima auamulie mambo yake kabla kengele haijalia.

Tuchukue swali la kujadili faida na hasara za bwawa la kufua umeme. Insha iliyoiva huanza kwa kueleza bwawa ni nini, ingawa mtunga swali, mtahiniwa na msahihishaji wote wanalijua. Kisha hutajwa Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji: mitambo 9, megawati 2,115. Tarakimu hizo hupendwa kwa kuwa kalamu nyekundu haibishani nazo. Hufuata udhibiti wa mafuriko, umwagiliaji, uvuvi na utalii. Hoja zikikauka, huitwa ajira. Ajira haijawahi kumtupa mtu: iko tayari kwa swali la bwawa, la mgodi, la mkonge na la hifadhi ya wanyama, wala haiulizwi mshahara.

Utukufu wa insha hasa uko pale inapogeuka. Ukurasa wa kwanza bwawa limeokoa mashamba yasisombwe na mafuriko. Wa tatu, limeyanyima mashamba yaleyale matope yenye rutuba yaliyokuwa yakiletwa na mafuriko hayo, na delta yenye mikoko imekosa mchanga wake. Hoja zote mbili hupata alama. Shahidi wa namna hiyo mahakamani angeulizwa maswali magumu. Lakini, kwa haki, wakulima wa bonde la Rufiji wameishi hivyo miaka nenda rudi, wakiyaogopa mafuriko na kuyangoja.

Fadhila nyingine ni lugha. Mtahiniwa aliyekulia Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji, anayejua kamba wa huko kwa majira yao, huwaza kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Njiani hoja hupungua makali, kamba wakawa "rasilimali za majini", na msahihishaji hasumbuliwi na jambo ambalo halimo kwenye mwongozo wake.

Hitimisho huishauri serikali itoe elimu kwa wananchi. Elimu gani, na kwa wananchi wepi, haielezwi, kwa kuwa msimamizi ameshatangaza dakika tano za mwisho.